Nitampataje fundi umeme wa kuaminika kupitia makundi ya Facebook na WhatsApp?

MpangajiGoba:
Ndugu wanajamvi, nimehamia Goba, Dar es Salaam, miezi miwili iliyopita, na huku simfahamu fundi hata mmoja. Kila tunapowasha hita ya kuogea, swichi kuu hujikata. Niliandika katika kundi la Facebook la wakazi wa eneo letu kwamba natafuta fundi umeme, na haikupita saa moja nikawa nimepata majibu zaidi ya ishirini, karibu yote yakiniita inboksi. Mmoja wao, mwenye picha za kazi zilizonivutia sana, aliomba shilingi 60,000 za vifaa hata kabla hajaja kuiona kazi. Nilituma, na tangu siku hiyo simu yake haipatikani. Je, ninyi mnawachujaje watu hawa?

MamaWaKimara:
Pole sana. Kutafuta mtandaoni si kosa. Kosa lilikuwa kulipia vifaa vya kazi ambayo fundi hajaiona. Picha nazo mimi sizitilii maanani, kwa sababu kuchukua picha za kazi ya mwingine ni jambo la dakika moja. Namwomba fundi anielekeze kwenye nyumba ya karibu aliyoifanyia kazi, kisha nazungumza na mwenye nyumba mwenyewe. Jambo jingine ni namna ya kuuliza: ukiandika "natafuta fundi", watakaojibu ni mafundi, lakini ukiandika "ni nani amefungiwa hita mwaka huu na hajapata tatizo?", watakaojibu ni wateja. Hata hivyo, mimi huanzia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ambamo mjumbe na majirani wote wamo, kwa kuwa fundi aliyemharibia jirani kazi hana pa kujificha humo.

FundiWaTabata:
Naomba niseme kwa niaba yetu mafundi pia. Nimewahi kutoka Tabata hadi Bunju kwa nauli yangu, nikafika na kuambiwa kwamba kazi imeshapewa mtu wa bei nafuu zaidi. Ndiyo maana wengi wetu huomba nauli na malipo madogo ya ukaguzi, na hayo mteja asiyaone kuwa utapeli. Fedha za vifaa ni suala tofauti. Fundi aje, apime, akuandikie orodha, kisha uende dukani wewe mwenyewe na ulipie kwa mkono wako. Nasema hivyo nikijua kwamba baadhi ya wenzangu watachukia, maana cha juu cha dukani ni sehemu ya kipato chao.

Kwa kazi ya umeme, omba kuona leseni ya EWURA (mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji), ambayo huonyesha daraja la fundi, kisha ulinganishe jina lililomo na jina linalotokea kwenye simu unapotaka kumtumia fedha. Yakitofautiana, mwombe maelezo kabla hujathibitisha muamala. Na kuhusu hita yako, usikubali bei inayotajwa kwa kutazama picha tu: huenda koili inayopasha maji imeanza kuvujisha umeme, huenda waya ni mwembamba mno kwa umeme ambao hita inavuta, na gharama za matengenezo hayo mawili hazilingani kabisa. Atakayekushauri uiondoe hiyo swichi inayojikata, ambayo ndiyo kinga yako, ili isikukatie tena, mwonyeshe mlango.

Mkazi_Mbezi:
Namba iliyokutapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Fedha huenda zisirudi, lakini namba hiyo inaweza kufungiwa.

MpangajiGoba:
Ahsanteni nyote. Namba nimeituma. Swali nimeliandika upya kama alivyoshauri MamaWaKimara, na safari hii nimepata majibu manne tu, ila majirani wawili wasiofahamiana wamemtaja fundi yuleyule. Atakuja Jumamosi, na ameomba nauli peke yake. Nilipomuuliza kuhusu leseni, alinitumia picha ya leseni hiyo papo hapo. Nimemwomba aje na leseni yenyewe.