Naomba ushauri: nivae nguo za askari wa Mjerumani darasani?

Wakuu habari zenu. Mimi ni ticha wa histori huku Songea, fomu tuu wangu nikiwafundisha Maji Maji kwa notisi wanasinzia, sasa nimepanga niwafundishe nikiwa nimevaa kabisa, fundi ameshanishonea kaki na kofia ile yenye kitambaa cha kufunika shingo kwa nyuma, imetoka bomba kinoma.

Shida ni kwamba huku machifu wa Wangoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, na wale askari ndo walipita wanachoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu kibao kuliko risasi. Kuna wazee ukoo wao uliguswa moja kwa moja. Mwenzangu anasema niwe raia tu, nivae kaniki nisimulie kama mtu aliyelazimishwa kulima pamba, ila mi naona askari ndo atawaamsha wanafunzi, maana na yeye alikuwa mwafrika, hapo maswali yatakuwa moto. Au niende kwanza kuwaomba wazee?

La pili, nina sarafu orijino ya Mjerumani ya heller 20, zile zilizogongwa Tabora 1916 vita ilipobana, ina taji, D.O.A. (kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani) na herufi T chini ya mwaka. Najua si ya Maji Maji, nitaitumia kipindi cha vita ya kwanza. Nataka waishike ila kuna mmoja lazima ataisugua na ndimu ing'ae, kwa hiyo niiweke kwenye nailoni au mnafanyaje wenzangu?

Waliowahi kujaribu naombeni mnijuze, kipindi ni wiki ijayo.