Tupeane uzoefu: filamu ya mapenzi iliyojaa mastaa, nusu ya ukumbi wanacheka, nusu wamenuna

Mwana wa Keko
Wakuu, jana usiku runinga imerusha Valentine's Day, ile ya 2010 ya Garry Marshall, nikakumbuka tulivyobishana na dada yangu tulipotoka kuiangalia Mlimani City. Julia Roberts, Jamie Foxx, Anne Hathaway, Bradley Cooper, Queen Latifah, Taylor Swift, wote humo. Dada alicheka mpaka machozi. Mimi kila nikianza kumzoea mtu, anaondolewa, anakuja mwingine. Wahakiki waliiponda, kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayojumlisha maoni ya wahakiki, haikufika hata asilimia 20, lakini iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Nani alikuwa sahihi? Tiririkeni: uliiona wapi, na nani, na watu waliipokeaje.

Fundi Redio
Sisi wa Tandika tuliiona kibanda umiza. Dakika kumi hakuna ngumi, hakuna bunduki, vijana wakaanza kupiga mabenchi: "Toa hiyo, weka Van Damme!" Akina mama waliokaa mbele wakagoma: "Hatoi mtu kitu hapa, na sisi tumelipa." Aliyetuokoa ni DJ aliyekuwa akitafsiri. Kila mtu akampa jina na mtaa. Yule muuza maua, Ashton Kutcher, akawa Juma wa Mchikichini. Msichana aliyemrudishia pete akawa Zuwena wa Masaki. Na kila sura ikirudi, anatukumbusha: "Huyu ndiye yule daktari muongo, msimsahau." Wale wale waliotaka ngumi wakaanza kumwonea huruma Juma. Mwana wa Keko, ulichokosa wewe pale ni mtu wa kukushika mkono.

Chaupele
Naunga mkono hoja. DJ ndiye filamu yenyewe.

Mhakiki wa Sinza
Hapana, tusipotoshane. Hadithi ikihitaji mtu wa pembeni aieleze, imeshindwa. Julia Roberts aliripotiwa kupewa dola milioni 3, na asilimia ya mapato juu yake, kwa dakika kama 6 tu. Hapo umelipia jina kwenye bango. Na huku kwetu ni hivyo hivyo: bango lina sura nane, unanunua, unakuta staa uliyemfuata ametokea mlangoni kuomba chumvi.

Chaupele
Sasa mkuu, watu si ndiyo majina waliyoyafuata? Mama yangu hakuwa na habari na hadithi, alimtaka Jamie Foxx. Alimwona, akarudi nyumbani kafurahi.

Mhakiki wa Sinza
Kufurahi si hoja.

Chaupele
Kwenye vichekesho? Basi hoja ni nini?

Binti Magomeni
Jamani, uzi huu umenichokonoa. Mimi niliiona na mtu niliyekuwa namhesabu mume mtarajiwa. Mnakumbuka Jennifer Garner, yule mwalimu? Daktari wake kamwambia anaenda San Francisco kikazi, kumbe anaenda kwa mkewe. Mwalimu anajua, anavaa kama mhudumu, anawafuata mezani mgahawani. Ukumbi mzima unacheka, na mimi nacheka. Mwenzangu kimya. Nikadhani filamu haijampendeza.

Tunatoka, pale kwenye bisi, kijana mmoja akaja mbio kwa furaha: "Shikamoo shemeji! Mbona dada anasema uko Mbeya kikazi?"

Miguu iliniisha nguvu. Kijana akanitazama, akauliza mimi ni nani. Mtu wangu akajibu, "Mfanyakazi mwenzangu." Hapo koti lake nimelivaa mimi, na bisi tunakula mfuko mmoja. Nikalivua, nikampa yule kijana mkononi, nikamwambia ampelekee dada yake. Nikapanda daladala la Ubungo peke yangu, nalia mbele za watu.

Fundi Redio
Pole sana dada. Umefanya la maana pale.

Bi Mkubwa Ilala
Pole mwanangu. Koti ungebaki nalo, ushahidi huo.

Kijana wa Tabata
Kwa hiyo ikawaje? Mke alijua? Alikutafuta?

Chaupele
Usimjibu dada, ulishamaliza. Wanaume wa "kikazi" dawa yao kuomba namba ya ofisini.

Bi Mkubwa Ilala
Kuomba namba haitoshi, nenda kwao ukasalimie wazee. Mwenye mke hakupeleki.

Mwana wa Keko
Wakuu, turudi kwenye filamu kidogo.

Kijana wa Tabata
Filamu gani tena? Binti, mke alijua?

Binti Magomeni
Alijua. Alinipigia, tukaongea vizuri tu, mengine ni yake. Ila nijibu na swali la mwenye uzi. Miaka baadaye niliiangalia tena na mama. Lile la mgahawani sikucheka hata kidogo. Iliyonishika ni Julia Roberts kwenye ndege, mwanajeshi aliyepewa likizo fupi mno. Muda wote unadhani anamkimbilia mpenzi, kumbe ni mtoto wake. Mama alilia na mimi nikalia. Mhakiki wa Sinza, hizo dakika 6 unazozihesabu ndizo zilizotufikia sisi.

Mhakiki wa Sinza
Hapo nakubali, ile sehemu ni nzuri. Ndiyo maana nakasirika: wangempa nusu saa.

Bi Mkubwa Ilala
Wanangu, nilikuwa naitafuta niiangalie Jumamosi. Mmeshaniambia mwisho.

Chaupele
Mama, ni ya 2010!

Bi Mkubwa Ilala
Kwangu ni ya Jumamosi.