Wachezaji 8, raundi 14 kama Yekaterinburg: wakilingana pointi tuwatenganisheje?

Askari_Sinza

Habari za jioni wakuu. Klabuni kwetu Sinza tunapanga shindano la ndani la chesi: watu 8, mizunguko miwili, kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili (nyeupe moja, nyeusi moja), jumla raundi 14. Muundo tumeuchukua kwenye Mashindano ya Wagombea ya Yekaterinburg (yale ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia), aliyoshinda Nepomniachtchi, yaani Nepo, akapata tiketi ya kumvaa Carlsen, bingwa wa wakati huo.

Ubishi umeanza kabla hata saa hazijabonyezwa. Kuna wawili ni watani wa jadi, kila mmoja na kambi yake, na kambi zote zinataka kujua mapema: wakilingana pointi, kombe la nani? Watatu wanatoka shule moja, watu wananong'ona kwamba wataachiana. Na nafasi ya nane tumempa kijana wa miaka 15, wakongwe wamenuna. Mliofuatilia Yekaterinburg kwa undani, wale walifanyaje? Kipi kinafaa kunakiliwa na kipi tukiache huko huko Urusi?

Ngome_Upanga

Anza na kanuni ya kutenganisha, mkuu, maana ndiyo iliyomaliza kazi Yekaterinburg kabla ya raundi ya mwisho. Utaratibu wao ulikuwa: kwanza matokeo ya wao kwa wao, ikishindikana idadi ya ushindi wa kila mmoja, kisha Sonneborn-Berger, na mwisho kabisa michezo ya haraka.

Fuata hesabu. Baada ya raundi 12 Nepo alikuwa na pointi 8, Giri 7.5. Raundi ya 13 Nepo akatoka sare na Vachier-Lagrave, Giri akapigwa na Grischuk. Ikawa 8.5 kwa 7.5 na imebaki raundi moja. Ukiangalia juu juu, Giri bado yumo: yeye ashinde, Nepo apoteze, wanalingana. Lakini Nepo alimpiga Giri raundi ya kwanza kabisa, Machi 2020, na waliporudiana Aprili 2021, shindano lilipoendelea baada ya kusimamishwa, ilikuwa sare. Wao kwa wao ni 1.5 kwa 0.5. Mlango umefungwa. Raundi ya 14 Nepo alipigwa na Ding na hakupoteza chochote zaidi ya ile pointi.

Msimamo wa mwisho: Nepo 8.5, Vachier-Lagrave 8, Giri na Caruana 7.5, Ding na Grischuk 7, Alekseenko 5.5, Wang Hao 5.

Sasa geuza shilingi. Vachier-Lagrave ndiye aliyempiga Nepo raundi ya 7, siku Nepo alipochagua ulinzi wa Kifaransa. Wangemaliza sawa, Mfaransa angekuwa juu. Amekosa nusu pointi tu. Kwa hiyo kwa kanuni hii mchezo wa watani wako wawili unakuwa ile tunayoita mechi ya pointi sita: anayeshinda anachukua pointi 1, na pia anabaki na karata mfukoni hadi raundi ya 14.

Kigezo cha pili kina mtego wake. Walio sawa kwa pointi, mwenye ushindi mwingi lazima awe pia na vipigo vingi. Kwenye Wagombea ya London 2013 Carlsen na Kramnik walimaliza na 8.5 kila mmoja, wao kwa wao hawakuachana, Carlsen akapita kwa ushindi 5 dhidi ya 4. Alikuwa amepoteza michezo 2, Kramnik 1. Ni kigezo cha kuwapendelea wanaojilipua. Mkikitaka sawa, ila wachezaji wakijue kabla ya raundi ya 1.

Sonneborn-Berger ni rahisi kuliko jina lake: jumlisha pointi za mwisho za kila uliyemshinda, ongeza nusu ya pointi za kila uliyetoka naye sare. Umemshinda mwenye 7 na kutoka sare na mwenye 5, hapo una 9.5. Msiipige kabla shindano halijaisha, itabadilika kila wiki na kuleta kelele za bure.

Farasi wa Kigamboni

Napingana na Ngome kidogo. Hiyo ya wao kwa wao kuwa mbele ni ya enzi hizo. Kuanzia Wagombea ya Madrid 2022 waliolingana nafasi ya kwanza wanaamuliwa kwa michezo ya haraka, na kwa klabu ndivyo ingekuwa bora, watu wanaiona haki kwa macho yao.

Tatizo la vigezo vya karatasi ni kwamba mmoja anaingia raundi ya mwisho akiwa ameshatangulia. Wagombea ya Moscow 2016: Karjakin na Caruana wote wana 7.5, wanakutana raundi ya 14, mchezo wao wa kwanza ulikuwa sare. Karjakin ana ushindi 3, Caruana 2. Sare ilimfaa Karjakin, mradi Anand asiwafikie kutoka nyuma. Basi Caruana, tena akiwa na nyeusi, ikabidi alazimishe. Mfalme wake akakaa wazi, Karjakin akatoa ngome pale d5 hatua ya 37, kwisha habari. Ilipendeza kutazama, nakubali. Lakini mwenye nyeusi alibanwa na jedwali kabla ya kubanwa na ubao.

Wekeni michezo 2 ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua, ikishindikana mmoja wa dakika 5 na sekunde 3 hadi apatikane mshindi. Saa moja na nusu inatosha.

Mwamuzi wa Meza ya 3

Hamjagusa ratiba, na huko ndiko kwenye makosa mengi. Tumieni jedwali la Berger la watu 8, namba ya kwanza ni nyeupe:

R1: 1-8, 2-7, 3-6, 4-5
R2: 8-5, 6-4, 7-3, 1-2
R3: 2-8, 3-1, 4-7, 5-6
R4: 8-6, 7-5, 1-4, 2-3
R5: 3-8, 4-2, 5-1, 6-7
R6: 8-7, 1-6, 2-5, 3-4
R7: 4-8, 5-3, 6-2, 7-1

Mzunguko wa pili ni huo huo, rangi zikigeuzwa. Kosa la kawaida ni kuunganisha mizunguko moja kwa moja. Mfuate namba 1: R7 ana nyeusi, R8 nyeusi, R9 nyeusi. Namba 5 anapata nyeupe tatu mfululizo. Dawa ni kubadilishana R6 na R7 kwenye mzunguko wa kwanza peke yake, wa pili ubaki kama ulivyo. Ndiyo maana Vachier-Lagrave na Nepo walikutana raundi ya 7 kisha ya 13, na si ya 14.

Wale watatu wa shule moja wapeni namba 1, 2 na 8. Watamalizana R1, R2 na R3, na tena R8, R9 na R10. Yekaterinburg walikuwamo Warusi watatu na Wachina wawili, na kanuni ilitaka wa nchi moja wakutane mapema: raundi ya 1 ilikuwa na Ding dhidi ya Wang Hao (Ding alipigwa, akiwa na nyeupe) na Grischuk dhidi ya Alekseenko. Mapema hakuna anayejua nani atahitaji pointi ya nani. Kura ipigwe ndani ya kundi hilo kwanza, kisha waliobaki wachukue 3 hadi 7. Na ifanyike hadharani, karatasi zikunjwe mbele ya watu.

Muda: dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30. Mchezo wa hatua 60 unakula dakika 90 kwa kila mtu, saa tatu kwa jumla. Raundi ya kwanza saa 3 asubuhi, ya pili saa 7 na nusu mchana, Jumamosi 7 mmemaliza. Wale walikuwa na dakika 100 kwa hatua 40, kisha 50 kwa hatua 20, kisha 15, na sekunde 30 toka hatua ya kwanza. Msijaribu, mtalala klabuni.

Ngome_Upanga

Ratiba safi, dada. Niongeze athari yake moja, kwa ajili ya wale watani. Ratiba ikitoka yote siku moja, kila mtu anajua lini atakuwa na nyeupe dhidi ya nani, na mwenye ufunguzi mmoja tu anaumia. Yekaterinburg ilisimamishwa tarehe 26 Machi 2020 baada ya raundi 7, Urusi ilipotangaza kufunga safari za ndege, ikarudi tarehe 19 Aprili 2021. Caruana alijua kwa zaidi ya mwaka kwamba raundi ya 8 ana nyeupe dhidi ya Vachier-Lagrave, na Mfaransa huyo haachi ufunguzi wa Najdorf, hata ile njia ya askari mwenye sumu pale b2. Hatua ya 18 akaweka askofu c4, mbele ya malkia, aliwe. Vachier-Lagrave alijitetea kiume lakini mwisho alipoteza, na uongozi aliokuwa akigawana na Nepo ukaondoka. Mwambieni mtani anayecheza kitu kile kile kila Jumamosi atafute cha pili.

Farasi wa Kigamboni

Kuhusu kijana wa miaka 15, muacheni. Alekseenko naye aliingia kwa nafasi anayoijaza mwandaaji mwenyewe, watu wakalalamika kwamba ilimstahili Vachier-Lagrave. Halikuwa pendeleo tupu: alikuwa wa tatu kwenye shindano la Grand Swiss 2019, na hicho ndicho kilichompa sifa ya kuteuliwa. Kisha Radjabov akajitoa kwa hofu ya korona na Vachier-Lagrave akaingia, kwa hiyo kelele zote zikawa za nini? Alekseenko alimaliza wa saba, lakini raundi ya 14 ndiye aliyempiga Giri.

Cha kujifunza ni kuandika kigezo. "Kijana mwenye pointi nyingi kwenye mashindano yetu ya mwisho" inatosha. Bila kigezo wakongwe wana haki ya kununa. Na wasidharau umri: Esipenko alikuwa na miaka 18 alipompiga Carlsen kwenye shindano la Wijk aan Zee, Uholanzi, Januari 2021, na Murzin naye alikuwa na 18 alipochukua ubingwa wa dunia wa michezo ya haraka, Desemba 2024.

Askari_Sinza

Nashukuruni sana. Namba 1, 2, 8 nimezinakili, R6 na R7 nazibadilisha leo. Kwenye kutenganisha naona tutaweka michezo ya haraka kwa nafasi ya kwanza, na wao kwa wao kwa nafasi nyingine zote. Swali la mwisho: mtu akichoka katikati akaacha kuja, pointi zake zinakuwaje? Kwetu hilo ni la uhakika, mvua ikinyesha tu Jangwani hapapitiki.

Mwamuzi wa Meza ya 3

Nusu ndiyo mpaka. Akiwa amecheza chini ya nusu ya michezo yake, yaani 6 au pungufu, matokeo yake yanabaki kwenye jedwali lakini hayahesabiwi kwenye msimamo, kwa yeye wala kwa waliocheza naye. Akifikisha 7 matokeo yanasimama, na waliobaki wanapewa pointi za mezani. Mvua ni jambo jingine: wekeni Jumamosi moja ya akiba baada ya raundi ya 6 na nyingine kabla ya raundi ya 13, na raundi ya 14 michezo yote minne ianze kwa wakati mmoja, asiyefika asisubiriwe zaidi ya dakika 30.

Askari_Sinza

Sawa mkuu. Kura ni Jumamosi hii saa 4 asubuhi, karatasi nakata mwenyewe.