Naomba ushauri: nijifunze Kiarmenia kipi ili nisome magazeti yao?

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu kuhusu magazeti ya Waarmenia, na kadiri ninavyosoma ndivyo yanavyozidi kunigusa. Jarida lao la kwanza, Azdarar, lilichapwa ugenini kabisa, Madras, India, mwaka 1794! Na kule Istanbul, Hrant Dink, mhariri wa Agos, gazeti la Waarmenia wa huko, aliuawa kwa risasi nje ya ofisi yake Januari 2007. Hilo bado linaniuma.

Habari za Yerevan, mji mkuu wa Armenia, nazipata kwenye tovuti za Hetq na CivilNet, kwa Kiingereza. Kinachonikwamisha ni magazeti ya ughaibuni, kama Aztag la Beirut, yanayotumia Kiarmenia cha Magharibi. Yerevan wanatumia cha Mashariki. Nianze na kipi? Aliyewahi kuishi Beirut au Yerevan anisaidie, tafadhali.