Mwanangu mwenye usonji katimiza 18: kliniki ya watoto wamemtoa, upande wa wakubwa hawamtaki

Wakuu, naandika hapa mikono inatetemeka, mnivumilie. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bima, hili ni jambo jingine.

Mwanangu ana usonji (autism) na kifafa. Tangu ana miaka 4 tunahudhuria kliniki ya watoto kwenye hospitali moja kubwa hapa Dar. Mwezi jana katimiza 18. Jumatatu tumefika dirishani, dada wa mapokezi kaangalia tarehe ya kuzaliwa, kanirudishia kadi: "Mama, huyu ni mkaka sasa. Nendeni jengo la wakubwa."

Basi. Hakuna barua, hakuna simu kwa daktari wa upande wa pili, wala hakuna aliyewahi kunidokeza kwamba siku hii inakuja nianze kujiandaa. Na jengo lenyewe liko ng'ambo ya maegesho ya magari, hatua mia hazifiki!

Faili lake limejaa mpaka wamelifunga kwa kipande cha bandeji. Nikaliomba. Nikajibiwa faili la watoto haliendi kwa wakubwa. Huko nikapewa namba mpya na karatasi moja nyeupe. Miaka 14 yote, dawa ipi ilimlaza kutwa, ipi ilimtoa upele, kwamba humgusi sikio kabla hujamwonyesha kifaa akishike mwenyewe, imebaki kabatini.

Foleni ya wakubwa ina spika inayoita namba kwa kelele. Mwanangu kaziba masikio, kisha kaanza kujing'ata mkono, pale pale chini ya kidole gumba, siku zote ni hapo, pameota sugu. Kule kwa watoto nesi alikuwa anamjua, anatupitisha mlango wa nyuma na kumwacha achezee mzani mpaka atulie. Huku kaja mlinzi: "Mama, mtoe nje, anasumbua wagonjwa." Sasa mwanangu yeye ni nani kama si mgonjwa?

Tumeingia ndani, daktari hata hakunitazama. "Unaumwa nini?" Mwanangu kajibu, "Unaumwa nini?" Kaulizwa tena, karudisha vile vile. Ndivyo anavyoongea, anakurudishia maneno yako, na aliyesoma usonji hata nusu ukurasa anajua. Daktari kaandika "haeleweki", kaniambia usonji ni ugonjwa wa watoto, nimpeleke kwa vichaa. Neno hilo hilo, mbele yake. Mwanangu anasikia kila kitu, jamani. Kanirudishia daftari bila kuandika dawa.

Ugonjwa wa watoto? Mtoto wa kwanza kwenye ripoti ya Dkt. Leo Kanner iliyoeleza usonji kule Marekani mwaka 1943, Donald Triplett, amefariki 2023 akiwa na miaka 89. Miaka yote hiyo alikuwa na usonji wake. Na kifafa kwa vijana hawa wengine huwaanza wakishabalehe, kama wangu aliyeanguka mara ya kwanza akiwa na miaka 13. Yaani wanamwachia mkono wakati ndiyo kwanza anahitaji kushikwa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Uingereza mwongozo wao wa 2016 unataka maandalizi ya kuhamia kwa wakubwa yaanze mtoto akiwa na miaka 13 au 14. Mimi siombi mitambo. Naomba daktari wake wa zamani aandike ukurasa mmoja wa historia, na nesi mmoja avuke naye yale maegesho akamtambulishe. Hilo nalo linataka bajeti?

Nimeshaandika barua kwa mganga mkuu wa hospitali, imegongwa muhuri wa kupokelewa, mpaka leo kimya.

Dawa ya kifafa imebaki ya siku 9, na dawa hii haikatwi ghafla. Mzazi yeyote wa Dar ambaye kijana wake ameshavuka 18, mmempata wapi daktari wa wakubwa anayewapokea? Nijibuni hapa au PM, hata usiku niko macho.