Deep Purple bila Blackmore wala Jon Lord: je, nitakuwa nimeiona bendi yenyewe?

Kanda72 anauliza:

Wakuu, salaam. Ninayo tiketi ya onyesho la Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, litakalofanyika baada ya wiki tatu, na badala ya furaha niliyoitarajia kwa miaka mingi, nimejikuta na kigugumizi. Bendi hii nimeipenda tangu nilipokuwa na umri wa miaka 14, kaka yangu aliponiachia kanda ya albamu waliyoirekodi jukwaani nchini Japani mwezi Agosti 1972. Niliipiga kanda ile hadi utepe ukawa unameng'enywa na redio, nikawa nautoa taratibu, naunyoosha kwa kidole na kuurudisha kwa kuzungusha gurudumu lake kwa penseli. Hadi leo kuna mahali sauti inazama kwa sekunde moja na kuibuka tena, nami nikiusikia wimbo huo kwingine bila kuzama huko, huona kama umekosewa.

Kwa masikio yangu, basi, Deep Purple ni watu watano: Ian Gillan mwimbaji, Ritchie Blackmore kwenye gitaa, Jon Lord kwenye ogani, Roger Glover kwenye bezi na Ian Paice kwenye ngoma. Hicho ndicho kikosi cha asili ninachokijua. Blackmore aliondoka mwaka 1993 wala hakurudi. Lord alijiondoa mwaka 2002, akafariki mwaka 2012. Gitaa lilikuwa mikononi mwa Steve Morse tangu 1994 hadi 2022, na sasa analo Simon McBride, ambaye alizaliwa mwaka 1979, yaani miaka saba baada ya usiku ule wa Japani. Gillan mwenyewe ni mtu wa mwaka 1945.

Swali langu ni hili: nikienda, nitakuwa nimeiona Deep Purple, au nitakuwa nimewaona watu wanaopiga nyimbo za Deep Purple? Ningependa kumsikia aliyewahi kuwaona na McBride. Nikiri pia kwamba ninachokihofia zaidi si fedha ya tiketi. Nahofia kwamba nikisikia kitu kibovu, nitakapoirudia kanda yangu sitaisikia tena kama nilivyokuwa nikiisikia.

NgomaZaKushoto anajibu:

Ndugu Kanda72, kwanza nikusahihishe kwa upole, kwa sababu sahihisho lenyewe ni nusu ya jibu. Watu watano uliowataja si kikosi cha asili. Bendi ilipoanza mwaka 1968 mwimbaji alikuwa Rod Evans na mpiga bezi alikuwa Nick Simper. Gillan na Glover waliingia mwaka 1969. Ndiyo maana wapenzi wa bendi hii wamezoea kuvipa vikosi vyake namba, na kikosi chako, kile kilichorekodi Japani, ni cha pili. Kikaja cha tatu, chenye David Coverdale na Glenn Hughes, kisha cha nne, chenye Tommy Bolin kwenye gitaa, kabla bendi haijavunjika mwaka 1976 na kurudi tena mwaka 1984 na watu wale wale wa kanda yako. Mtu pekee ambaye amekuwamo katika vikosi vyote ni Paice. Kwa maneno mengine, ulipoachiwa ile kanda ulikuwa tayari unaisikiliza bendi iliyobadilisha watu, ila hukujua, na kutokujua huko hakukukuharibia chochote.

Sasa sikiliza kisa hiki. Mwaka 1980, wakati bendi imevunjika, lilitokea kundi nchini Marekani likifanya maonyesho kwa jina la Deep Purple. Lilikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuwa katika bendi, na mtu huyo alikuwa Rod Evans, mwimbaji wa kwanza kabisa. Wenye bendi walikwenda mahakamani, wakashinda, na fidia iliyotajwa ilikuwa dola 672,000. Yaani aliyekuwa na haki zaidi ya kuitwa wa asili ndiye aliyesimama katika Deep Purple ya bandia. Tangu nilipokisoma kisa hicho niliacha kuhesabu waasisi.

Nimewaona mara mbili, mara moja Morse akiwapo na mara moja akiwa McBride, na nitakueleza ya mara ya pili. Nilisimama mbele kidogo, mahali ninapoweza kuwaona miguu. Jambo la kwanza kulitazama ni ngoma, maana Paice anatumia mkono wa kushoto na seti yake yote imepangwa kinyume: matoazi ya mguu yako kulia kwake, ngoma kubwa ya sakafuni iko kushoto. Ukiwa umemsikia kwa miaka arobaini bila kumwona, utashangaa jinsi mikono ile inavyokwenda upande ambao kichwa chako hakuutarajia. Usiku ule walianza na wimbo ule ule unaofungua kanda yako, na sauti ya kwanza ilikuwa ngoma ndogo ya Paice. Hiyo haijabadilishwa mtu.

Kuhusu ogani: Jon Lord hakuwa akipiga ogani yake ya Hammond kwa spika zake za kawaida tu, aliipitisha kwenye amplifaya ya Marshall, ile ya gitaa, na ndipo ulipotoka mngurumo unaoujua. Don Airey, aliyemrithi, amehifadhi mngurumo huo, lakini vidole ni vyake. Gillan hujiondoa jukwaani wakati wa vipande virefu vya ala, akapumzika nyuma, kisha akarudi. Usisubiri ule wimbo mrefu wa mwaka 1970 wenye mayowe ya kupasua dari, kwa sababu aliuacha miaka mingi iliyopita, na mimi naona alifanya la heshima kuliko angeubomoa kila usiku mbele ya watu.

SinaHakika anajibu:

Nitakuwa mtu wa upande wa pili, ingawa sina ugomvi na Deep Purple. Miaka michache iliyopita nilikwenda kuiona bendi nyingine kongwe, ambayo sitaitaja. Bango lilikuwa na picha ya nyuso ambazo baadhi yake hazikuwa zimepanda jukwaani na bendi hiyo kwa miaka mingi. Muziki ulipigwa vizuri, tena vizuri mno, kila noti mahali pake. Kilichonivunja moyo ni maneno ya katikati ya nyimbo. Mwimbaji, ambaye kwa kumtazama hakuweza kuwa hata ameanza shule wakati ule, alishika kipaza sauti akasema, "Tuliporekodi wimbo huu hatukujua kama ungefika mbali." Tuliporekodi nani? Nilimtazama jirani yangu, naye akanitazama, kisha sote wawili tukaangalia chini kama watu waliofumania jambo lisilowahusu. Kuanzia hapo kila kilichofuata nilikisikia kama maigizo.

Tatizo langu, kwa hiyo, ni kwamba jina la bendi ni mali, na mali inaweza kushikwa na yeyote. Mwaka 1974 meneja wa Fleetwood Mac, akidai kwamba jina ni lake, alituma Marekani kundi lisilokuwa na mwanachama hata mmoja wa bendi hiyo. Watu walilipa, taa zikazimwa, wakatoka wageni. Upande mwingine, Led Zeppelin walipofiwa na mpiga ngoma wao, John Bonham, mwezi Septemba 1980 walitangaza mwezi Desemba kwamba hawataendelea, na waliporudi London tarehe 10 Desemba 2007 kwa onyesho moja, aliyeketi kwenye ngoma alikuwa Jason, mwanawe Bonham. Hiyo ndiyo adabu ninayoielewa. Kisa cha Rod Evans ni kitamu, lakini kinathibitisha tu kwamba mwasisi mmoja hatoshi; hakithibitishi kwamba wasipokuwapo waasisi hakuna kinachopungua.

BeziTupu anajibu:

Ndugu SinaHakika, bango lenye picha ya uongo ni udanganyifu, hapo sibishani nawe. Lakini usipime bendi zote kwa adabu ya Led Zeppelin, ambao waliweza kumudu kunyamaza. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC, alifariki mwezi Februari 1980, na mwezi Julai wa mwaka huo huo bendi ilitoa albamu na Brian Johnson ambayo watu wengi ndiyo waliyoijulia AC/DC. Dusty Hill wa ZZ Top alipofariki mwezi Julai 2021, bezi ilichukuliwa na Elwood Francis, aliyekuwa fundi wa magitaa wa bendi kwa muda mrefu, na Hill mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Mtu aliyekuwa akizifunga nyuzi zile kabla ya kila onyesho si mgeni wa kuokotwa.

Mpaka wangu mimi uko kwa Lynyrd Skynyrd. Mwimbaji wao, Ronnie Van Zant, alikufa katika ajali ya ndege tarehe 20 Oktoba 1977. Bendi iliporudi mwaka 1987 mwimbaji akawa mdogo wake, Johnny. Na Gary Rossington, wa mwisho kati ya waasisi, alifariki mwezi Machi 2023. Bado wanapanda jukwaani. Siku nyingine naona ni urithi wa ukoo, siku nyingine naona ni duka lililobaki na kibao cha mwenye duka. Deep Purple hawajafika huko: watatu kati ya watano wa kanda yako watakuwa mbele ya macho yako.

Kwa Kanda72 nina ya kufanyia kazi. Usitazame video za maonyesho ya karibuni kabla ya siku yenyewe, kwa sababu sauti ya simu humfanya kila mwimbaji mzee aonekane amekwisha. Isikilize albamu yao ya mwaka 2024, ya kwanza kwa McBride, hata kama hutaipenda, ili usiende chooni kila wanapopiga kipya. Simama karibu na meza ya fundi mitambo, maana sauti husawazishwa kwa masikio yaliyo pale, na uvae vizibo vya masikio. Halafu, hili ni ombi la mpiga bezi kwa msikilizaji wa gitaa: wimbo mmoja, mmoja tu, msikilize Glover peke yake mwanzo hadi mwisho.

NgomaZaKushoto anajibu:

Nakubaliana na la bezi, na naongeza kwamba Morse hakufukuzwa wala hakugombana na mtu. Alijitoa mwaka 2022 ili amuuguze mkewe. Nalitaja kwa sababu tunapozungumzia vikosi huwa tunahesabu kama timu za mpira, na mara nyingine kilichobadilisha kikosi ni chumba cha hospitali.

Kanda72 anarudi:

Wakuu, nimekwenda, na nilidhani ni wajibu wangu kurudi kueleza.

Nilisimama pale kwa fundi mitambo. Ngoma ndogo ilipoanza peke yake gizani niliinamisha kichwa bila kutaka, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Sauti ya Gillan imeshuka. Kuna mistari aliyokuwa akiipanda ambayo sasa anaizunguka kwa chini, na mara mbili tatu aliwaachia watu waimbe. Nilifikiri ningeumia. Sikuumia, kwa sababu hakujifanya: pale asipofika hakwenda.

McBride ndiye aliyenichanganya. Kipande kirefu cha gitaa cha wimbo ule wa kwanza nakijua noti kwa noti, na midomo yangu ilikuwa ikitangulia vidole vyake. Alikipiga kama kilivyo hadi karibu na mwisho, halafu akakata njia nyingine, nami nikabaki nimefungua mdomo kwenye noti ambayo haikupigwa. Kwa sekunde moja nilichukia. Kisha nilikumbuka kwamba hata Blackmore kwenye kanda ya Japani hapigi vilevile kama kwenye albamu ya studio. Wimbo wa mwaka 2013 wa kumkumbuka Jon Lord waliupiga pia, Airey akaufungua kwa ogani akiwa ameinamia funguo, na mzee mmoja kando yangu alivua kofia.

SinaHakika, hakuna aliyesema "tuliporekodi" isivyostahili, nilikuwa nikisubiri.

Nimeiweka kanda jana usiku. Ile sekunde inayozama ipo palepale. Lakini katika wimbo wa kwanza, chini ya kipande cha gitaa, kuna bezi inayokimbia bila kupumzika ambayo naapa sikuwahi kuisikia, kwa sababu miaka yote masikio yangu yalikuwa kwa Blackmore. Niliurudisha utepe mara tatu. BeziTupu, deni lako hilo.

Nina swali moja la nyongeza. Miaka yote ya Morse niliiruka kwa ukaidi. Nianzie wapi?

BeziTupu anajibu:

Anza na albamu ya mwaka 1996, ya kwanza aliyopiga nao. Lord bado yumo.