Laptop za zamani za ofisi zinataka kutupwa, nizipeleke wapi hapa Mwanza?

Mzawa wa Igoma
Habari zenu wakuu. Ofisini kwetu wamebadilisha mashine zote baada ya Windows 10 kukatiwa sapoti Oktoba 2025, sasa zile za zamani (nyingi ni ThinkPad T460 na Dell Latitude E5470) zimerundikwa stoo maana Windows 11 haziingii, na bosi kashaanza kuongea na watu wa skrepa. Nikamwomba atuachie tuzigawe, kakubali ila kwa sharti kwamba taarifa za wateja zisitoke nje. Ziko kama 20 hivi. Mimi nilikuwa nawaza sekondari ya kata huku kwetu, mke wangu anasema bora wapewe vijana mmoja mmoja mtaani kwa sababu shuleni zitafungiwa kabatini. Mnasemaje? Na hizi mashine bado zinapiga kazi au nitambebesha mtu mzigo tu?

Fundi Makoroboi
Zinapiga kazi sana mkuu, usiwape skrepa. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), hizo zako ni kizazi cha 6 ndo maana zinakataliwa, ila mashine yenyewe haina kosa. Weka Linux Mint badala ya Windows, ni bure, inakuja na LibreOffice ya kuandikia na Firefox ya kuingilia mtandaoni, mtu anaandika barua, anafungua imeili, anaomba kazi, anaendelea na maisha yake. Kama ndani kuna diski ya kuzunguka itoe uweke SSD (diski isiyozunguka, ina kasi zaidi) hata ya 128GB, RAM ukiifikisha 8GB utadhani umenunua juzi.

Kwenye data hapo usidanganyike na kufomati. Ukifomati kwa haraka haraka faili zenyewe bado zimo, mwenye programu ya kuzirudisha anazitoa zote, mimi mwenyewe watu wananiletea kila siku. Diski ya kuzunguka ipigie nwipe, programu ya bure ya kufutia, inaandika juu ya diski yote mwanzo mpaka mwisho, unaiacha usiku kucha na umeme wetu huu uombe Mungu. SSD ina amri yake ya kujifuta, usitumie njia ile ile. Bosi wako ana haki ya kuogopa, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022.

Halafu kabla hazijatoka getini mtu wenu wa IT aondoe paswodi ya BIOS (ile inayodaiwa kabla mashine haijawaka) na azitoe kwenye mfumo wa kampuni. Nishaletewa laptop za msaada toka nje, safi kabisa, zimefungwa, hakuna anayejua paswodi, tukaishia kuchomoa skrini na kibodi. Na ukiona tachipedi imenyanyuka jua betri imevimba, itoe hapo hapo, kuna watu wanalala nazo kitandani.

Ticha wa Nansio
Shemeji hajakosea. Shule niliyokuwa kabla ya hii ililetewa kompyuta, wageni wakapiga picha, wakapanda meli wakarudi mjini, zikaingia ofisi ya mkuu na ufunguo ukawa mmoja. Kila mtu anamlaumu mkuu lakini jamani zikiibiwa anayehojiwa ni yeye. Kaa nae kwanza pamoja na bodi ya shule muandikiane nani anashika ufunguo mchana, na mtoto akiharibu kwa bahati mbaya halipi. Bila hiyo karatasi mimi nisingepeleka hata moja.

Na usitegemee bando. Weka Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili ndani, weka Kolibri yenye masomo, laptop moja inakuwa seva zingine zinavuta masomo kwa waifai bila intaneti kabisa. Vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) vipo bure kwenye maktaba mtandao yao, vipakue huko huko mjini vikae kwenye flashi.

Mtata Kirumba
Gawa uone. Wiki haiishi utazikuta sokoni.

Binti Buhongwa
@Mtata Kirumba na akiuza kaka angu? Aliyenunua si ataitumia.

Mi naomba msitusahau tuliomaliza shule. Wakati naomba mkopo wa chuo HESLB (bodi ya mikopo) nilijaziwa steshenari, yule kaka akanifungulia imeili, paswodi akaweka anayoijua yeye, naenda kurekebisha kiambatanisho nakuta kahama na fremu ina muuza viatu. Na siko peke yangu, kila msimu wa maombi utawaona watoto wa form six wamepanga foleni wanamtajia mtu wasiyemjua namba za NIDA za wazazi wao. Kwa hiyo kaka wa Igoma zingine ziweke sehemu ya wazi, ofisi ya mtaa, kanisani, msikitini, mtu anaandika jina anakaa saa moja anajaza fomu yake mwenyewe. Ila awepo wa kuelekeza, si askari wa kulinda tu. Mama yangu alipewa simu janja mwaka mzima anapokelea simu tu.

Mzawa wa Igoma
Asanteni sana. Hiyo ya karatasi na bodi sikuiwaza kabisa. Nadhani shule nitawapa chache kwanza, nyingine ofisi ya mtaa nikaongee na mwenyekiti, tena hapo nina mpwa wangu kamaliza IT anakaa tu nyumbani. Fundi, hizo SSD kwa mashine zote si zitanimaliza?

Fundi Makoroboi
Si zote zitahitaji, kuna T460 zilizokuja na SSD tayari. Zifungue kwanza uone. Jumamosi niletee ile mbovu kuliko zote, na chaja yake usisahau.